Haiuzwi Bila Maneno Yake

Jumamosi soko la Leeds hufurika mpaka ukikohoa unamkoholea mtu shingoni. Bryony Ackroyd, skafu ya njano shingoni na ovaroli imejaa madoa ya wino, alikuwa kibandani kwake akiuza kitu ambacho majirani zake, muuza jibini na muuza soksi, hawajakielewa hadi leo: picha za kanvasi za hospitali kuukuu za enzi ya Malkia Viktoria. Matofali mekundu, minara ya saa, wodi ndefu zenye madirisha marefu kama ya kanisa.

"Hivi nani anatundika hospitali sebuleni?"

Aligeuka. Mwanamume mrefu, koti la sufu la bluu, nywele zimelowa mvua.

"Wenye akili," akamjibu. "Wewe nenda pale mbele, wanauza za vipepeo."

"Usinune, mpenzi. Nauliza tu."

Hilo "mpenzi" halikumtikisa. Leeds hata dereva wa basi anakuita mpenzi. Kilichomtikisa ni kwamba yule bwana aliacha kucheka alipofikia picha moja, akasoma kwa sauti maneno yaliyochongwa kwenye jiwe chini ya paa: IMEJENGWA KWA AJILI YA WAGONJWA MASKINI WA MJI HUU.

"Hospitali ya Mtakatifu Winifrida," alisema.

"Bibi yangu alipiga deki humo ujana wake wote. Mama alizaliwa humo. Sasa wanaigeuza fleti za matajiri."

"Najua. Mimi ndiye ninayeziuza."

Mwenye busara angemfukuza. Bryony aliangua kicheko, na kicheko kikamponza. Jina la bwana lilikuwa Lawrence Sugden, na haukupita muda simu zikawa hazikauki.

"Uko wapi?"

"Kwenye foleni ya samaki na chipsi."

"Niagizie na mimi."

"Lawrence, wewe uko upande wa pili wa mji."

"Ndiyo maana nakuombea foleni isisogee."

Alimpenda. Tuseme kweli, alimpenda vibaya, na yeye si mtu wa kupenda ovyo. Kwa hiyo Lawrence alipomwomba picha kubwa ya Mtakatifu Winifrida aitundike kwenye fleti ya mfano, ile wanayooneshwa wanunuzi, alimtolea sharti.

"Maneno yabaki. Bosi wako keshayafuta kwenye vipeperushi vyote, anaona wateja watakimbia wakisikia maskini. Yakikosekana kwenye picha yangu, mimi na wewe basi."

"Yatabaki. Naapa."

Bryony aliichapa mwenyewe. Tena aliikata picha kwa juu, paa likatoka, ili yale maneno yawe makubwa, pale kwenye ukingo kabisa. Akaiviringisha, akampa Lawrence apeleke kwa fundi wa fremu.

Siku ya ufunguzi alivaa gauni jekundu na viatu vya kisigino. Watu walikuwa wameshika bilauri za mvinyo, na picha iko ukutani: mlango upo, madirisha yapo, maneno hayapo.

"Imetulia, eh?" alisema Bwana Pickersgill, bosi mwenyewe, akimtazama kama aliyemfanyia hisani. "Haina makorokoro."

Bryony alimfuata Lawrence katikati ya wageni. "Umeyafuta."

"Nimefuta nini? Bryony, ngoja..."

"Usiniite Bryony. Niite mpenzi, kama unavyomwita muuza karoti."

Akaondoka. Wiki nzima simu ililia, hakuigusa. Alilia na yeye, lakini hilo alimwambia muuza jibini peke yake.

Jumamosi Lawrence alifika kibandani amebeba kitu kikubwa kilichofungwa shuka.

"Sikuja kuomba msamaha," alisema.

"Basi pita."

"Napita. Kwanza tazama hapa juu."

Aliifungua picha akaiinamisha. Kwenye ubavu wa juu wa fremu, pale kanvasi inapokunjwa kuzunguka mbao, maneno yalikuwepo yote, hakuna herufi iliyopungua. Bryony alielewa papo hapo. Kila mchapaji wa kanvasi huacha kiasi cha kiganja pande zote, kipate kukunjwa. Yeye, kwa pupa ya kuyakuza maneno, hakuacha hata ukucha. Fundi angefanyaje?

"Ni mimi," alisema, uso umemwiva.

"Ni wewe," alisema Lawrence bila huruma. "Nami sikujua mpaka nilipoishusha."

"Bosi amekuruhusu uishushe?"

"Alisema hivyo hivyo ndiyo nzuri. Nikamwambia niliahidi. Akaniambia nikiigusa nisirudi kazini. Nikamwomba ngazi."

Bryony alimshika kola akambusu mbele ya soko zima. Kisha akaingia kazini kuichapa upya. Safari hii aliacha nafasi ya kukunja, na picha ikatoka kubwa kuliko kitanda.

Kesho yake asubuhi waliisimamisha njiani, mkabala na geti la Mtakatifu Winifrida, mvua ikinyesha. Gari la wanunuzi lilipunguza mwendo. Mama mmoja akashusha kioo, akasoma maneno, akauliza kama ni jengo lile lile.

"Ndilo," alisema Bryony. "Shuka nikuhadithie."

Alishuka. Pickersgill akatoka mbio bila mwavuli.

"Ondoeni hiyo."

"Njia ni ya baraza la mji, si yako," Bryony akamjibu.

"Basi nainunua. Taja bei."

"Haiuzwi."

Pickersgill akamgeukia Lawrence. "Na wewe unasimama hapa kama nani?"

Maji yalimchuruzika Lawrence puani. "Kama mchumba wake."

"Mchumba gani?" Bryony alidakia. "Hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa. Utaolewa na mtu asiye na kazi?"

"Nitaolewa," alisema, kwa sauti ya kumfikia Pickersgill vizuri. "Na picha za harusi tutapigia hapa hapa, getini kwake."