Sarafu Juu ya Panga la Helikopta

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba jasusi Sindano hakuwahi kuogopa kitu chini ya jua.

Wakati huo alikuwa amejibanza nyuma ya mapipa ya gundi, akizuia chafya.

Redio ya sikioni ikakwaruza. Mkuu wake.

"Sindano, toka kwenye hiyo karakana. Kompyuta imetabiri mapanga hayo ya helikopta yatadumu miaka kumi."

"Nani kailisha takwimu, mkuu?"

"Fundi mwenyewe aliyeyaunda."

"Basi mwizi kaulizwa kama kaiba."

"Una ushahidi?"

Hakuwa nao. Nje, helikopta ya uokoaji ilikuwa imefungwa mapanga mapya. Dada yake alikuwa kwenye kiti cha rubani, anakaza mkanda.

Sindano akaibuka, bastola ya Glock mkononi.

Fundi aligeuka, akacheka. Alikuwa mjomba wake, aliyenyonya ziwa moja na mama yake.

"Mpwa wangu! Hata hodi hupigi?"

"Mjomba, umeyaunda kwa mali ya magendo."

"Nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, gundi safi. Dada yako angepanda kibovu nami nipo hai?"

Sindano akamswaga hadi nje kwenye helikopta. Akapanda ngazi, akagonga panga kwa sarafu.

Ting. Ting. Ting.

Du.

"Tabaka zimeachana humu ndani."

"Masikio yako yana nta, mwanangu."

"Vizuri. Panda."

Akamfunga pingu kwenye kiti cha nyuma, akaketi kando yake.

"Dada, washa. Tunamtembeza mjomba."

Mapanga yakazunguka. Mjomba akatabasamu. Yakashika kasi. Jasho likamchuruzika. Helikopta ikaanza kuwa nyepesi.

"Zima! Gundi ilikuwa imeharibika! Nilikadiria yatapasuka mwezi ujao, zamu ya rubani mwingine! Zima, mama wee!"

"Umesikia, mkuu?"

"Nimesikia. Mlete."

Dada akazima. Hakumtazama mjomba.

Sindano akashuka, akatia sarafu mfukoni, akaondoka kwa madaha.

"Wewe," dada akamwita. "Nipe hiyo sarafu."

Akapanda ngazi, akagonga palepale.

Ting.

Akagonga tena.

Ting.

Haya, nimenaswa. Ile "du" niliichomeka mimi msimulizi. Panga lililia vilevile kote, na Sindano hakusikia kasoro yoyote. Alimketisha dada yake chini ya mapanga yale bila kujua nani angevunjika kwanza, mapanga au mjomba.

Na mikono ilimtetemeka. Hilo nalo nilikuwa nimelificha.