Lori Lililochagua wa Kumgonga

"Hivi, dada, malori ya kwenye hadithi zako huwa yanauliza kwanza nani kasali?"

Swali hilo aliliuliza jirani, fundi viatu, asubuhi moja tulivu. Fundi cherehani mjane, aliyeitwa Mama Cherehani, alikuwa akiwasomea wateja hadithi aliyoitunga mwenyewe, kama kawaida yake, wakisubiri nguo zao. Wateja wakacheka. Mama Cherehani hakucheka. Katika hadithi hiyo binti mmoja aliacha kusali, akagongwa na lori akiwa na aproni yake ya kijani, na malaika akamsomea hukumu.

Kumbe, ndugu zangu, mlangoni alikuwa amesimama binti yake, kitinda mimba, na aproni ya kijani ya kiwanda cha mikate kiunoni.

"Umeniua, mama. Mbele ya watu."

"Hadithi tu hiyo, mwanangu."

"Hadithi, na aproni yangu? Baba alipougua nilikesha naye, namgeuza, namfulia mashuka. Uliomba, niliomba. Akafa. Nimechoka kuomba, basi. Kukutunza wewe sijachoka." Akakaza kamba ya aproni. "Kesho nahama."

Mama hakuwa na mwingine nyumbani humo. Mama Cherehani akasali. Kisha akafanya kile ambacho sala humtuma mtu kufanya: akainuka. Akaketi kwenye meza ya kukatia vitambaa, akaifumua hadithi kama pindo lililokwenda upande. Lori akalitoa. Malaika mwenye hukumu naye akamtoa. Akamwandika mama anayesali kwa dhati, na binti asiyesali anayemgeuza baba asije akapata vidonda. Mungu naye hakumwandikia neno hata moja la kusema, na hilo lilimuuma. Lakini hata kando ya kitanda cha mumewe mgonjwa Mungu hakuwa amesema kitu, na imani yake haikufa.

Asubuhi iliyofuata akawasomea wateja walewale.

"Sasa hapo kashinda nani?" fundi viatu akauliza.

"Jirani, walikuwa wanauguza mtu, hawakuwa wanacheza mpira."

Watu wakaangua kicheko. Binti alikuwa mlangoni, begi begani.

"Mama, huyo binti atarudi kusali?"

"Sijui. Sikuandika. Mama yake anamwombea, lakini hiyo ni kazi ya mama."

Binti akashusha begi, akachomoa aproni ya kijani, akaifunga kiunoni. Begi akaliacha palepale sakafuni, akatoka kwenda kazini.

FUNZO

Wazazi wenzangu, imani iliyo hai haihitaji lori la kuitetea. Tukitunga hadithi yenye dini ndani yake, anayesali na asiyesali wote wawe watu kamili, kila mmoja na mashuka aliyoyafua. Msomaji ana macho, mwacheni aone. Ukimfanya Mungu fimbo ya kumchapia mwanao, mtoto ataikimbia fimbo, nawe utabaki na nyumba tupu, fimbo mkononi.