Foklifti Si Mtumbwi

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Febby na mdogo wake Lackson walimsaidia mama yao, Mama Germaine, kubeba vikapu vya samaki wakavu mpaka bohari la bandari ya Nchelenge, kando ya ziwa. Na kila asubuhi walimkuta Bwana Chishimba akiizunguka foklifti yake, ile mashine ya kunyanyua mizigo kwa mikono miwili ya chuma. Aliinama kutafuta mafuta yaliyovuja, akabonyeza magurudumu, akajaribu breki, akaipandisha ile mikono mitupu na kuishusha tena. Kisha alipofika kwenye kona ya bohari alipiga honi, ingawa nyuma ya kona hapakuwa na kitu ila mbuzi aliyelala.

Watoto walimcheka sana. Febby, mwenye miaka kumi na mitatu na ulimi mkali kuliko umri wake, ndiye aliyempa jina la Bwana Honi. Mtu amepelekwa Ndola kusomea mashine, amefanya mtihani, amerudi, na bado anamwogopa mbuzi. Wa nini huyo?

Kwa Febby, mwanamume hasa alikuwa mjomba wake Nkulu, aliyevuka ziwa kutoka Zaire na kuja kukaa kwao. Nkulu alivaa suruali iliyofagia vumbi, viatu vya soli nene kama tofali, na miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Kazi hakuwa nayo, ila maneno alikuwa nayo tele.

"Mi nilikuwa natumika na hii mashine mu Lubumbashi," alisema huku akila ugali wa dada yake. "Ule Chishimba hajui kitu. Ye iko naogopa."

Ukweli ni kwamba huko Lubumbashi alikuwa akiziosha mashine, na hata kuziosha kulimshinda. Febby alimsikia mama yake akimnong'oneza jirani habari hiyo. Akaisikia, akaiacha ipite, maana miwani ile ilimpendeza zaidi.

Ijumaa moja Bwana Chishimba alikwenda Mansa kwenye mazishi. Jioni yake boti kutoka kisiwa cha Chisenga likashusha samaki wabichi wengi, na chumvi ya kuwatia ilikuwa ndani ya bohari. Wachukuzi wangeweza kuibeba kwa mabega, gunia baada ya gunia. Lakini Watson, msimamizi wa bohari, alipenda mambo ya haraka. Ukutani nyuma yake paliandikwa kwamba asiyefundishwa asiendeshe, na kwamba mtu yeyote asidandie mashine. Maandishi hayo aliyapaka rangi Watson mwenyewe, na tangu siku ile hakuyasoma tena.

"Hakuna mutu mwingine wa kuendesha?" aliuliza, akizungusha ufunguo kidoleni.

"Mujomba wangu anajua," Febby akadakia, maana yeye, Lackson na Nkulu walikuwa wamekuja kutazama boti.

Nkulu akapanda na miwani yake. Aliingiza mikono ya chuma chini ya magunia, akataka kuyachukua yote kwa mara moja ili watu waone. Mashine ikanguruma, na magurudumu ya nyuma yakainuka juu ya sakafu. Mtu mwenye akili angepunguza magunia. Nkulu hakuwa na haja ya akili, alikuwa na watazamaji.

"Batoto, mukuye hapa nyuma," akaita. "Mukae ju yake, sawa mu mutumbwi."

Wachukuzi wakatikisa vichwa kukubali. Wote walikulia majini, na wote walijua kwamba mtumbwi ukizama mbele, mtu husogea nyuma. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama ile ilikuwa mtumbwi. Febby akampandisha Lackson, kisha akapanda mwenyewe, na magurudumu yakagusa chini. Watu wakapiga makofi kwa upumbavu wao.

Mashine ikatoka nje kwenye mteremko wa saruji unaoshuka ufukweni, mzigo ukiwa mbele na juu. Ikaongeza kasi. Nkulu alitafuta breki kwa soli yake ya tofali, akaikosa, kisha akaikanyaga kwa nguvu zake zote. Febby alihisi nyuma inapaa. Yeye na Lackson walirushwa chini. Magunia yakaporomoka mbele, na ile nyuma nzito, iliyopoteza mzigo wa kuishikilia hewani, ikarudi chini kwa kishindo. Febby alikuwa amemshika mdogo wake shati na kumvuta. Alimvuta mwili wote, isipokuwa mguu mmoja.

Vidole vya mguu wa Lackson vilivunjika. Hospitali walimfunga plasta, wakasema mguu utapona.

Bwana Chishimba aliporudi, mkuu wa bohari, aliye juu ya Watson, aliwaita wote. Nkulu alikuja na miwani.

"Bale batoto balipanda bo benyewe," alisema. "Mi sikubaona."

Watson akaitikia upesi. Hapo Febby akaelewa kwamba Lackson, mwenye mguu wa plasta, ndiye atakayebeba na lawama. Alimtazama mjomba wake na kwa mara ya kwanza akamdharau.

"Ile ni uongo," alisema. "Ni yeye njo alituita. Na ni mimi njo nilimupandisha Lackson. Tena mujomba hakujifunza kuendesha. Alikuwa naosha mashine tu, na mimi nilijua."

"Ni kweli," akasema Mama Germaine, akitazama chini. "Ni ndugu yangu, nikanyamaza."

Bwana Chishimba alimgeukia Nkulu bila kupaza sauti.

"Hii mashine iko na chuma yake ya uzito nyuma. Bale baliitengeneza balipima. Nyuma ikiinuka, muzigo ni mingi, unapunguza. Wewe ulikosa uzito, ukaweka mutoto."

Watson alinyang'anywa ufunguo na cheo chake. Nkulu aliambiwa kwamba akitaka atafundishwa, na somo la kwanza ni kuizunguka mashine kila asubuhi. Alisema hiyo ni kazi ya watoto, akapanda boti kwenda Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire. Nasikia huko anasimulia jinsi alivyoendesha foklifti Nchelenge.

Wiki chache baadaye Febby alimwendea Bwana Chishimba, akamwomba radhi kwa lile jina. Bwana Chishimba alikuwa kwenye usukani, anakaribia kona ya bohari.

"Febby, ulicheka mutu anayejua kazi kwa sababu anafanya pole pole," alisema. "Ukasifu mutu asiyejua kwa sababu ya masoli yake na miwani. Usisifu kazi ya mutu mpaka ujue alijifunza wapi, hata kama ni ndugu yako. Na hii honi si ya mbuzi. Ni ya ule mutu sijamuona."

Akasimamisha mashine, akapiga honi. Wakasubiri. Kutoka nyuma ya kona akatokea Lackson, akichechemea taratibu kwa mkongojo wake.