Honi ya Saa Sita

Pikapu ilipiga honi mara moja, jua likiwa utosini, na rimoti ilikuwa mezani mbele ya Nathanaeli, haijaguswa na mtu.

"Abee!" Dorika akaitika kutoka jikoni.

Nathanaeli aliacha ugali. "Mama Cecilia, unamwitikia nani?"

"Si umeniita wewe?"

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, swichi imekufa, na kila msimu wa korosho watu wa Mkunya waliisukuma mpaka wakaichoka pamoja na mwenyewe, Nathanaeli. Ndipo jana yake Dastani, fundi wa Masasi, akaja kumfungia rafiki yake mtambo wa kuwashia kwa rimoti. Huyu ndiye aliyemsimamia Nathanaeli ndoa kanisani, na mtu wa namna hiyo humchunguzi. Alipomaliza alisimama getini, akabonyeza, honi ikalia.

"Shemeji, ukiisikia itika kwa nguvu, nijue inafika jikoni!"

"Abee!" Dorika aliitika akicheka. Dastani akakusanya spana zake, akaondoka bila kunywa chai.

Dorika alilelewa kama watoto wote wa kule: ukiitwa mara moja na humwoni anayeita, nyamaza, usubiri uitwe tena, kwa maana jini haiti mara mbili. Lakini nani angedhani honi nayo ni mwito?

Tangu hapo, kila mchana honi ilipolia, Dorika aliacha chungu motoni, akatoka peku, akapanda upande wa dereva, na injini ikawaka yenyewe huku udi ukinuka ndani ya gari lililozoea dizeli na magunia, na akiteremshwa na mumewe hakumjua yeye wala mtoto, na kila siku alichelewa zaidi kurudiwa na akili, hata Nathanaeli alipong'oa betri na kuificha uvunguni injini ikawaka vilevile.

Mwalimu Abdulazizi, mganga wa Makote, aligusa mlango wa pikapu, akaondoa mkono haraka.

"Nani alimwambia aitike?" alinong'ona.

"Dastani. Alikuwa anajaribu mtambo."

"Alikuwa anamkabidhi mkeo kwa jini. Siku akiondoka na gari hili, harudi."

"Sasa tufanyeje, Mwalimu?"

"Dastani aje aitike kabla yake. Au aitike mtu mwingine, achukuliwe huyo."

Dastani alipokea simu. Hakukana, na hilo ndilo lililomuuma Nathanaeli kuliko yote.

"Jini alikuwa anamchukua mke wangu Agatha," alisema.

"Ukaona umpe mke wangu?"

"Lazima mtu aitike kwa hiari. Ningemwendea nani? Wengine wasingeniamini."

"Basi njoo uitike wewe!"

Simu ikakatika.

Usiku kucha Nathanaeli aliwapitia moyoni majirani waliokuwa wakimwamini, mmoja mmoja, nani angeitika bila kuuliza. Walikuwa wengi. Alipogundua anachokifanya alijichukia, na akamchukia Dastani zaidi kwa kumfundisha kuwaza hivyo.

Mchana honi ililia. Dorika aliinua uso kutoka kwenye kinu, akafungua mdomo.

"Naam!" Nathanaeli alipaza sauti, akamwahi.

Dorika alimtazama kwa macho yake yale ya zamani, macho yanayomjua.

"Baba Cecilia," aliuliza, "unamwitikia nani?"

Nathanaeli alikuwa ameshatoka, peku, na injini ilikuwa inaunguruma.