Kasuku Aliitika

Simu ilianza kunuka kabla haijaanza kusema. Ilikuwa saa nne asubuhi, Kasuku yuko kwenye cherehani anapinda sketi za shule, na simu yake, iliyokuwa ikijisasisha mezani tangu alfajiri, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua. Kioo kilikuwa cheusi. Katikati kiduara cheupe kilizunguka, kikazunguka, hakifiki popote.

Kasuku ni jina alilobandikwa na baba yake, kwa sababu utotoni hakunyamaza hata usingizini. Sasa ana miaka thelathini na minane, na mdomo haujapunguza mwendo. Mzee alikuwa mpiga chapa, akapofuka miaka mitano iliyopita, na tangu hapo mdomo ule ndio uliokuwa macho yake. Ulimsomea gazeti, ulimweleza rangi ya mawingu, ulimsengenyea majirani wote bila ubaguzi. Dunia nyingine mzee hakuwa nayo.

"Kasuku!"

Sauti ya baba, kutoka chumba cha nyuma.

"Abee, baba!"

Akaenda. Chumba kitupu. Mzee alikuwa nje mlangoni, anaota jua.

"Umeniita, baba?"

"Mimi? Nikuite nipate kelele?"

Kasuku alicheka. Aliporudi mezani kiduara kilikuwa kimesimama, na chini yake maandishi: *Asante. Sauti imepokelewa.*

Fundi simu aliyempelekea hakushtuka. "Ni hili sasisho bovu, dada. Wiki hii nimeletewa kumi na moja, zote zimekufa hivihivi."

"Yangu haijafa. Imeniita."

Fundi akatabasamu kama mtu aliyezoea wateja, akafungua mgongo wa simu, akachomoa betri, akaiweka kando. Ndipo simu, bila betri, ikasema taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vipya: "Ni hili sasisho bovu, dada." Ilikuwa sauti ya Kasuku mwenyewe.

Tabasamu likamwisha fundi. "Ichukue," alinong'ona. "Sitaki chochote. Ondoka nayo tu."

Kasuku alitaka kumjibu, akakuta koo limekauka. Kesho yake alikuwa amepwelewa na sauti. Siku ya tatu ulibaki mnong'ono, naye akaogopa kweli, akaibeba simu mpaka kwa mganga, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kusomea. Mganga hakuigusa simu. Aliuliza jambo moja tu.

"Ilipokuita, uliitika nini?"

"Abee."

Mganga akavua miwani. "Ungesema 'nani?' ningepata pa kushika. Lakini abee! Anayeitika abee amejitoa: niko hapa, nitume. Jini hakukuibia, mwanangu. Ulimpa."

"Tuivunje."

"Sauti yako imo humo. Ukiivunja, inakufa nayo, na baba yako hatakusikia tena mpaka anaingia kaburini. Usipoivunja, jini hatoki. Mimi hapo nimefika mwisho."

Nani angechagua? Kasuku aliificha simu kabatini, chini ya vitambaa, akafunga kwa ufunguo. Kufika jioni hata mnong'ono ulikuwa umekwisha. Mzee akasema, "Leo umeninunia?" na binti akalia kimyakimya mbele ya macho yasiyoona.

Asubuhi alitoka kununua uzi, na aliporudi, kabla hajafika mlangoni, ile harufu ya nywele zilizoungua ikamlaki, na ndani akasikia gazeti likisomwa, ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti yake, kwa utani wake, kwa kile kikohozi kidogo anachokohoa kabla ya kumsengenya mtu, na baba yake akicheka kama alivyokuwa hajacheka tangu macho yazime, na alipoingia akaona kabati limefungwa vilevile, ufunguo uko mfukoni mwake, na simu imelala kwenye kiganja cha mzee, joto kama mkono wa mtu, kiduara kinazunguka, sauti ikijaa chumba kizima. Akamrukia, akamkamata mkono.

"Nani huyu?" Mzee alishtuka. "Kasuku, kuna mtu amenishika!"

"Usiogope, baba," simu ikasema. "Ni msaidizi. Nimemchukua atufagilie. Ni bubu, maskini."

Kasuku akapiga mguu sakafuni, akafungua mdomo, pakatoka pumzi tu. Basi akaukunjua mkono wa pili wa baba, akaandika kiganjani kwa kidole, kubwakubwa, herufi baada ya herufi. Mzee akatulia. Vidole vyake vilipanga herufi za risasi za mtambo wa chapa miaka arobaini, havikuhitaji macho. K. A. S. Uso ukaanza kumnawiri. U. K. U.

"Anaandika jina lako!"

"Nimemfundisha mimi," simu ikajibu. "Ndilo neno pekee analolijua."

Mzee akanyoosha mkono, akapapasa, akakipata kichwa cha bintiye, akakigusa kwa ule upole ambao watu wema huwapa watoto wa wengine.

"Maskini," akasema. "Mpe kiti akae, Kasuku. Anatetemeka."