Uzi Mwekundu

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la kunyolea kilinuka spiriti. Mwenye duka alikuwa amefunga mlango wa mbele na sasa alichuchumaa, akichora ghala sakafuni kwa poda ya shingoni. Walimwita Kinyozi. Hakuna aliyetaka kujua amewahi kunyoa nini zaidi ya ndevu.

"Geti hili. Ghala hili. Magunia yetu yako huku mwisho, peke yake, nyuma ya kufuli mbili." Akamtazama mume wa dada yake, mpakizi wa kiwanda cha chakula cha mifugo, ambaye kundi zima lilimwita Shemeji. "Yameshonwa uzi gani?"

"Mwekundu. Mengine yote ni uzi mweupe."

"Basi ndiyo mahindi ya daraja la kwanza. Mtu hafungi takataka kwa kufuli mbili."

Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Kinyozi hakuwa mtu wa kusahihishwa, na dada yake alikuwa na ulimi uleule, kwa hiyo maskini alizoea kunyamaza kazini na nyumbani.

Dereva alikuwa akitikisa goti. Jina lake la Breki lilikuwa la utani. Breki za lori lake zilikuwa za kubahatisha. "Tunashusha wapi?"

"Kinuni, mtaani kwenu. Mwenye kinu anatusubiri. Kufika kesho yote ni unga."

Breki akacheka. Mama yake alikuwa akinunua unga palepale, wa kula yeye na mjukuu wake, binti wa Breki. "Mama atakula wizi wangu na kunishukuru hatanishukuru."

Bonge, ambaye kazi yake ilikuwa nguvu za mwili wake, ndiye peke yake aliyecheka naye.

Saa sita na nusu mchana.

Wizi wa mchana una raha yake: hakuna anayemshangaa mtu mwenye gunia begani jua likiwaka. Walinzi walikuwa wakipokezana zamu. Shemeji akafungua geti la nyuma kwa ufunguo wa kazini. Breki akaingiza lori kinyumenyume. Ndani ya ghala alikuwepo mlinzi mmoja, mzee, na Bonge alimkalisha kwenye kiti kama anayemsaidia.

Mzee alikuwa anatetemeka mpaka alipoona wanaelekea wapi. Hapo akasahau kuogopa.

"Hayo? Wanangu, hayo siyo ya..."

Bonge akambandika utepe wa gundi mdomoni, akazivunja kufuli mbili kwa mtaimbo. Mzee aliendelea kutikisa kichwa, gunia baada ya gunia, mpaka la mwisho likapanda.

"Anaipenda kazi yake huyu," Bonge alisema. Akapanda juu ya mzigo, akajifunika turubai. Walitoka getini bila mtu kuwauliza hata wanakwenda wapi.

Ilikuwa rahisi mno, na Breki hakuipenda. Kila pikipiki kwenye kioo ilimkaa rohoni. Kinyozi alikaa dirishani, bastola chini ya koti. Katikati yao Shemeji alijikunja, simu sikioni, akinong'ona kwa mkewe. Lakini kibanda cha lori hakina siri.

"Unga wa kinu cha mtaani kwa Breki usinunue. Mwezi huu wote. Nunua wa dukani, wa pakiti... Nimesema usinunue."

Breki alisubiri akate simu. "Kwa nini asinunue?"

"Nini?"

"Mkeo. Kwa nini asinunue?"

Shemeji akamtazama Kinyozi, kisha akatazama magoti yake. "Yana sumukuvu. Yaliloa, yakaota ukungu. Walijaribu kuchanganyia ng'ombe, ndama wakafa. Aliyekuja kuyapima akasema yasiguse hata kuku. Ndiyo maana ya uzi mwekundu. Yalikuwa yachomwe kesho."

"Yakioshwa? Yakipikwa?"

"Haitoki. Haina harufu, haina ladha. Inakwenda kwenye ini, na kwa watoto ndiyo mbaya zaidi."

Breki alikuwa amewaibia wengi na kulala vizuri, lakini hakuwahi kumlisha mtu sumu.

"Ulijua," Kinyozi alimwambia shemeji yake polepole.

"Uliniuliza rangi ya uzi tu."

Kinyozi alifikiri kwa muda wa kona moja. "Tutaukata huo uzi. Tushone upya kwa mweupe."

"Mama yangu ananunua pale," Breki alisema. "Mtoto wangu anakula pale."

"Mpigie umwambie asinunue. Si umeona mwenzako?"

"Na jirani?"

"Jirani ana mtoto wake wa kumpigia. Endesha."

Mbele kulikuwa na kizuizi cha polisi. Walikijua, karatasi za mzigo zilikuwa tayari, za kughushi lakini safi. "Punguza," Kinyozi alisema. "Salimia. Tabasamu."

Breki akakanyaga, na siku hiyo breki zikashika. Akazima injini, akachomoa ufunguo, akautupa dirishani. Ulianguka miguuni pa askari.

"Umefanya nini wewe?" Kinyozi aliuliza, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeumia kweli.

Kisha akafyatua. Risasi ilimpata Breki begani. Askari walimvuta Kinyozi mlangoni. Shemeji alikuwa ameshainua mikono, na Bonge walimtoa chini ya turubai akiwa amesinzia. Breki aliteremshwa, akalala barabarani, akimng'ang'ania askari suruali.

"Yana sumu. Msiyale. Yachomeni."

"Mwizi amegeuka bwana afya," askari alisema, wenzake wakacheka. Lori likavutwa kituoni kuwa kidhibiti cha kesi.

Siku chache baadaye, saa saba mchana.

Pingu ilimfunga Breki kwenye kitanda cha hospitali. Mama yake aliingia na kikapu, akakaa, akamtazama bandeji bila huruma.

"Lori zima la mahindi, mwanangu, na mimi hata debe hukuniletea. Mpaka nimepimiwa na mtu baki."

"Mtu gani?"

"Mke wa askari, pale kituoni. Wanayapunguza kidogo kidogo. Roho yake nzuri yule mama, kanipimia debe likajaa. Nikasagisha siku ileile."

Breki akajaribu kuinuka, pingu ikamrudisha. Mama hakuona. Alikuwa akihangaika na fundo la uzi aliofungia kitambaa cha bakuli. Uzi wenyewe ulikuwa mrefu, mnene, mwekundu.

"Mama. Mtoto amekula?"

"Juzi na jana. Na leo kaamka anauomba ugali." Fundo likaachia. "Haya, kula na wewe, bado una moto."