Vijiti vya Mtoto Asiye na Jino

Sogea hapa. Sogea tena. Nina jambo.

Lakini apa kwanza! Weka kidole mdomoni. Sema: "Haki ya nani, sisemi!"

Umeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa. Nilimwapia Kozue kwamba sitamwambia mtu, hata paka.

Haya, sasa sikiliza nikwambie yote.

Kozue ana miaka sita. Anakaa Japani, kwenye mji mdogo wenye theluji nyingi. Nyumba yao na yangu zinatazamana.

Dirisha langu linaona mpaka jikoni kwao. Mimi sichungulii! Dirisha ndilo linalochungulia.

Kozue anakaa na Mama, Baba, Bibi na Babu. Na sasa kuna mwingine. Anaitwa Ibuki.

Ibuki ni mdogo wake. Kazi yake ni kulala, kulia, na kulowesha nepi.

Zamani Mama aliimba, "Kozue wangu, Kozue wangu." Siku hizi anaimba, "Ibuki wangu, Ibuki wangu."

Wimbo ni uleule! Kozue aliusikia. Roho ikamuuma.

Babu yake Kozue ni fundi. Anatengeneza vijiti vya kulia chakula. Kwetu tunakula kwa vijiti viwili vyembamba, na kila mtu ana vyake.

Vijiti vya Babu si vijiti hivi hivi tu. Babu huvipamba kwa gome la mcheri, mti wa matunda ya cheri.

Gome likitoka mtini halina uzuri. Ni la kijivu. Limekakamaa kama kisigino changu.

Babu hulikwangua. Kwaru, kwaru, kwaru. Mara wekundu unatokeza! Wekundu wa kung'aa, kama shavu la mtoto aliyetoka kwenye baridi.

Kisha hulibandika kwa gundi na chuma cha moto. Tsss! Kisha hupaka utomvu mweusi, na vijiti vinang'aa kama kioo.

Siku moja Kozue akamkuta Babu kazini. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Babu, vijiti vya nani hivyo?"

"Vya Ibuki, mjukuu wangu. Jumapili anatimiza siku mia moja. Tutamlisha chakula chake cha kwanza."

"Ibuki?"

"Ibuki."

"Huyu huyu Ibuki wetu?"

"Kwani kuna mwingine?"

Kozue akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Hana hata jino! Hana hata jino moja!"

Babu akacheka. "Ndiyo maana tunamlisha. Meno yasikie harufu ya samaki, yaje mbio."

Kozue hakucheka. Akaenda kwa Bibi.

"Bibi, nami nataka vijiti vipya."

"Kwani vyako viko wapi?"

Kozue akavileta. Maskini vijiti! Babu alivitengeneza vizuri, Kozue alipotimiza siku mia moja. Sasa ncha zimetafunwa. Gome limebanduka.

"Nani kavitafuna hivi?" akauliza Bibi.

"Panya," akasema Kozue.

"Panya huyo nadhani namjua," akasema Bibi. "Ana mapengo mawili mbele."

Kozue akafunga mdomo haraka, mapengo yasionekane.

Alhamisi, Babu akapaka utomvu kwa mara ya mwisho. Akaviweka vijiti ndani ya sanduku lenye vitambaa vibichi.

Utomvu huo una mambo yake. Nguo hukauka juani. Utomvu huo hukauka kwenye unyevunyevu!

"Kozue, usiguse," akasema Babu. "Ukiwa mbichi unawasha. Unawasha kama upupu."

"Sigusi, Babu."

Babu akaenda kunywa chai. Kozue akabaki na sanduku. Sanduku likabaki na Kozue.

Akafungua kidogo. Kidogo tu.

Lo! Vilikuwa vyeusi tii. Na katikati kila kimoja kimevaa mkanda mwekundu wa gome la mcheri.

"Hana hata jino," Kozue akanong'ona. "Hana hata jino moja."

Akagusa. Kwa kidole gumba. Pa!

Kidole kikanasa. Akakivuta. Nyaa!

Na pale juu ya kijiti ikabaki alama. Alama ya kidole gumba, na mistari yake yote.

Kozue akafunga sanduku. Akakimbia.

Ijumaa, kimya.

Jumamosi, mkono ukaanza. Ukawa mwekundu. Ukatoka vipele. Ukawasha!

Akajikuna mlangoni. Kwaru, kwaru, kwaru. Akajikuna uani. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaja kujikuna kwenye uzio wangu. Hapo dirisha likamwona.

"Kozue, mjukuu wangu, mkono una nini?" nikamuuliza.

"Nimeumwa na mbu."

"Mbu? Kwenye theluji hii? Labda alivaa koti."

Kozue akalia. Akanieleza kila kitu. Sanduku, kidole, alama, kila kitu.

"Wakiona alama watajua ni mimi," akasema. "Mama hatanipenda tena. Atampenda Ibuki tu."

"Nenda kamwambie Babu."

"Kesho. Wewe usimwambie mtu!"

"Mimi? Haki ya nani, sisemi."

"Hata paka?"

"Hata paka."

Na kweli, sikumwambia paka. Lakini tumbo lilinivimba kwa kunyamaza!

Jumapili ikafika. Nami nikaalikwa.

Mbele ya Ibuki waliweka sinia. Kulikuwa na samaki mwekundu, mzima, na macho yake. Kulikuwa na wali mwekundu wa maharage. Na kulikuwa na kijiwe.

Ndiyo, jiwe! Vijiti hugusa kijiwe, kisha hugusa fizi za mtoto. Ili meno yaje magumu kama jiwe.

Na pembeni palikuwa na kiboksi kirefu. Unajua ndani mlikuwa na nini.

Kozue alivaa nguo ya sherehe. Mikono ya nguo hiyo mipana kama mifuko.

Akatazama huku. Akatazama kule. Akafungua kiboksi. Akachomoa kijiti kimoja, kile chenye alama. Kikaingia ndani ya mkono wa nguo. Fyuu!

Mimi niliona. Nikajaza keki ya mchele mdomoni, mdomo uwe na kazi.

Babu akasimama.

"Leo ni siku ya Ibuki," akasema. "Mkubwa wa nyumba ndiye humlisha mtoto. Mkubwa ni mimi. Lakini mkono wangu siku hizi unatetemeka. Nimemchagua mwingine."

Baba akakohoa. Akajiweka sawa.

"Si wewe," akasema Babu. "Atamlisha dada yake. Atamlisha Kozue."

Kozue akaganda.

Yeye? Yeye mwenyewe? Akataka kuruka juu kwa furaha. Kisha akakumbuka kilichokuwa ndani ya mkono wa nguo.

Bibi akafungua kiboksi. "He! Mbona kimoja?"

Baba akatafuta chini ya mkeka. Hakuna. Mama akatafuta chini ya Ibuki.

"Ibuki, umekikalia?"

Ibuki hakujibu. Hana hata jino, atajibu nini?

"Kijiti kimoja hakishiki wali," akasema Bibi. "Hakishiki hata punje. Hatutaweza kumlisha."

Mama akainama. Alikuwa ameingoja siku hii, siku mia moja.

Kozue akamtazama Mama. Akataka kusema. Mdomo ukakataa.

Na mkono ukaanza.

Uliwasha. Uliwasha sana! Uliwasha mpaka juu kwenye kiwiko, ndani ya nguo, kule ambako kucha hazifiki.

Kozue akasahau yote. Akashika kitu kilichokuwa karibu. Kitu kirefu. Chembamba. Kizuri kwa kujikuna.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Aaah! Akafumba macho kwa utamu.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Babu akatega sikio.

"Nani anakwangua gome?" akauliza. "Leo si siku ya kazi!"

Watu wote wakageuka. Mama akageuka. Baba akageuka. Bibi akageuka. Hata yule samaki, nadhani, aligeuka kidogo.

Kozue akafumbua macho.

Mkono mwekundu. Kijiti mkononi. Na juu ya kijiti, alama ya kidole gumba.

"Panya," akasema Kozue, kwa sauti ndogo sana.

"Mwenye mapengo," akasema Bibi.

Kozue akaanza kulia. "Niligusa! Nikaficha! Nilimwonea wivu. Vijiti vyake vizuri, na wimbo wangu wamempa yeye!"

"Wimbo?" akauliza Mama. "Wimbo gani?"

"Ule wa Kozue wangu."

Mama akamvuta. Akampakata hapo hapo, mbele ya watu wote, na miguu mirefu ya Kozue ikiburuzika chini. Akaimba taratibu, "Kozue wangu, Kozue wangu." Akaurudia. Ibuki akasikiliza tu.

Bibi akaleta maji baridi. Akaukanda ule mkono.

Babu akakitazama kijiti. Akashika kidole gumba cha Kozue, akakiweka juu ya alama. Kikaenea sawasawa.

"Itafutika, Babu?"

"Haifutiki. Utomvu umeshakauka."

Kozue akaisugua alama kwa kidole.

"Kwa hiyo," akasema Babu, "kila siku Ibuki akila, atakula na kidole cha dada yake."

Bibi akakifuta kijiti kwa kitambaa safi, akamrudishia Kozue. Babu akachukua kile cha kiboksini, akanyoosha mkono wake unaotetemeka.

"Kimoja ninacho mimi. Kingine unacho wewe. Chukua. Mlishe."

Kozue akashika vijiti vyote viwili. Akamgusisha Ibuki wali mdomoni. Akamgusisha samaki. Akagusa kijiwe, tik! Kisha akagusa fizi za Ibuki, pole pole.

Ibuki akafunga mdomo. Ngwa!

Kozue akavuta. Ibuki akang'ang'ania. Kozue akavuta tena. Ibuki akatafuna. Nyam, nyam, nyam!

"Mama! Baba! Anavitafuna!"

Watu wote wakamwona. Mate yalimtiririka mpaka kidevuni, na kijiti bado kiko mdomoni.

"Panya wa pili!" akasema Bibi.

Kozue akacheka mpaka mapengo yote mawili yakaonekana.

"Na hana hata jino!" akapiga kelele. "Hana hata jino moja!"